Kisa cha Mama T: tulitaka ushuhuda kabla hatujamtaka mtu

Kwanza kabisa, nilichobadilisha

Mimi ni katibu wa jumuiya, jumuiya ya kawaida tu ya Kilutheri, nyumba 23, tunakutana Jumamosi asubuhi nyumba hadi nyumba. Mji siutaji, jueni tu ni Nyanda za Juu Kusini huku kwenye baridi, Juni na Julai mtu unalala na sweta. Majina hamna, umri nimeusogeza, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili hata jirani akisoma abaki anakisia. Mama mwenyewe nimemsomea yote kabla ya kuweka hapa, akanifuta sehemu mbili, na sehemu moja akaniambia "hapo umejipendelea, andika vizuri". Nimeandika vizuri.

Naandika kwa ajili ya viongozi wa jumuiya, wazee wa kanisa, na yeyote anayekwenda kuona mgonjwa akiwa na Biblia kwapani. Sisi tulikuwa watu wazuri, tena tunaomba kweli, na bado tulimuumiza mtu karibu miezi mitatu.

Familia ilivyokuwa

Baba T, miaka arobaini na kitu, dereva wa fuso, anashusha viazi na mbao Dar, anarudi na mzigo wa dukani. Dereva wa kutwa, mkataba hana, bima hana. Presha aliambiwa anayo miaka mitatu nyuma, akameza dawa miezi miwili akajisikia fresh akaacha, kama wanaume wengi tu, maana presha haiumi na dawa zenyewe ni za maisha, nani anataka kumeza vidonge maisha yote wakati anajisikia mzima?

Mama T anauza chai na vitumbua stendi, saa kumi na moja alfajiri keshawasha jiko. Kwaya anaimba sauti ya pili, ile ambayo mkiwa hamna mtu wa kuishika wimbo wote unakuwa mwembamba. Watoto watatu, mkubwa kidato cha tatu, wa kati darasa la sita, na T mwenyewe wa miaka minne.

Kwa kifupi ni familia ambayo jumuiya inaitegemea. Kikao kikiwa kwao chai ipo, bahasha ya ahadi inarudi kwa wakati, wageni wa usharika wanalala kwao. Hili nalisema makusudi kwa sababu watu wa namna hiyo wakianguka hakuna anayejua kuwapokea, tumezoea wao ndio wanaopokea.

Kilichotokea

Baba T alianguka safarini, akiwa ameteremka kuangalia tairi. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, mkono, mguu, mdomo ukaenda pembeni, na maneno yakaondoka. Likabaki neno moja, "basi". Ukimuuliza unasikia njaa, basi. Ukimwita jina, basi. Anakuangalia usoni anajitahidi, jasho linamtoka, halafu inatoka "basi basi" na machozi.

Hospitali siku 11. Mama T aliuza godoro kubwa, akauza cherehani, akalipa. Baadaye sana ndiyo tukaja kujua kuna ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, na kwamba mtu asiye na uwezo akienda na barua ya serikali ya mtaa anaweza kufikiriwa msamaha. Katika jumuiya yetu kuna walimu wawili na mtumishi mmoja wa halmashauri. Hakuna aliyesema. Siyo kwa ubaya, hatukuwaza tu, akili zetu zote zilikuwa kwenye maombi.

Wiki ya kwanza nyumbani tulifurika, nakumbuka viatu mlangoni vilifika mpaka kwenye bomba. Tukachanga 187,000. Tukaimba, tukaomba, tukaweka mikono juu ya mgonjwa, mzee mmoja akasema kwa sauti kubwa "ndani ya siku 21 utasimama hapa utoe ushuhuda!" na wote tukasema amina. Mimi nilisema amina. Nilisema kwa nguvu.

Zikaja meseji. Mama T alinionyesha simu yake baadaye, watu 11 walimtumia Warumi 8:28, ule wa mambo yote kuleta mema, ndani ya siku nne, na Yeremia 29:11 sikuhesabu. Kila anayeingia anamuuliza "unaendeleaje, unamwamini Mungu?" na jibu linalokubalika ni moja tu. Akasema wiki ya pili aligundua akijibu "namshukuru Mungu" watu wanaondoka wamefurahi, akijibu "sijalala" wanaanza kumhubiria. Akachagua lile linaloondoa watu haraka.

Siku ya 21 ikafika. Baba T hakusimama. Hakuna aliyeitaja hiyo siku, ila wote tulikuwa tunaijua, na nikiangalia daftari langu la mahudhurio ni kuanzia wiki hiyo watu walianza kupungua kwenda kwao. Tuliona aibu. Tulikuwa tumeahidi kwa niaba ya mtu mwingine, tena huyo mtu mwingine ni Mungu.

Sasa hapo katikati mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa huruma kweli sitaki mumfikirie vibaya, akamnong'oneza Mama T kuhusu nabii fulani wa mjini. Mama T huyuhuyu ambaye Februari 2020, watu 20 walipokufa pale Moshi wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako, alikuwa mstari wa mbele kusema "watu wanapelekwa wapi jamani". Huyohuyo alikwenda. Nilipomuuliza kwa nini akanijibu, "nyie mliniambia imani inaponya, mume wangu hakupona, kwa hiyo nikajua tatizo ni imani yangu, nikaenda kuitafuta inapouzwa." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Hela ya safari na ya mbegu, yaani sadaka ya kumpa nabii, alikopa. Hii mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, 300,000 unarudisha 390,000 kwa siku 30, kila siku 13,000, wanakuja mlangoni asubuhi na daftari. Kule akaambiwa dawa za presha ni kukosa imani, waache. Wakaacha. Siku ya tisa presha ikapanda ikabidi Baba T alazwe tena, siku nne, Mungu saidia haikuwa kiharusi cha pili. Na mkopo, Mama T alilipa siku 13 ukamshinda, wale jamaa wakabeba sabufa na jiko la gesi, mchana kweupe, majirani wanaangalia.

Baada ya hapo akafunga mlango. Kwaya akaacha, grupu la WhatsApp akajitoa, ukienda unaambiwa na mtoto "mama amepumzika". Na sisi, niwe mkweli, tulikubali haraka kwamba amepumzika.

Bibi na kigoda chake

Kuna bibi mmoja pale mtaani, mjane, ana sabini na kitu, amezika watoto wake wawili. Kikaoni huwa hasemi, akisema ni kuuliza chai ya chumvi au ya sukari. Yeye alikuwa anakwenda kwa Mama T kila siku saa tisa mchana, na kigoda chake mwenyewe, na kuni chache kwenye kikapu. Anafika mlangoni, "Kamwene", anajibiwa "kamwene", anaweka kigoda uani, anachukua kisu anamenya viazi. Ikifika saa kumi na moja anaondoka. Siku tisa hivyo, hakuna mstari, hakuna wimbo, hakuna "jipe moyo".

Siku ya kumi Mama T akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Bibi, mimi Mungu nimemchoka."

Bibi akamwambia, "Hata mimi nilimchoka. Menya hivyo viazi, mtoto anarudi shule."

Mama T anasema alicheka mpaka akalia, akalia mpaka jioni, na Bibi hakumwambia nyamaza, alikuwa anamenya tu. Viazi vya siku ile vilitosha siku tatu.

Kesho yake Bibi akamfuata mzee wa kanisa nyumbani kwake, nami nikaitwa. Akatusimanga kidogo tu, hakutumia maneno mengi. "Yule mama anamgeuza mumewe usiku kucha peke yake, analala masaa mawili tu. Mawili! Nyie mnampelekea mistari. Mpelekeeni usingizi."

Nilivyorudi nyumbani nikafungua ile habari ya Eliya, 1 Wafalme 19, yuko chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Nimeihubiri mara nyingi hiyo. Ila usiku ule ndio niliona kwamba malaika hakuanza na neno la kumtia moyo, alikuta mtu amelala, akamgusa akamwambia "Inuka, ule", jamaa akala akalala tena, malaika akaja mara ya pili, inuka ule. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye sana, pangoni, mtu ameshakula mara mbili na kulala mara mbili. Sisi tulianzia pangoni.

Tulichoamua, na kwa nini

Tuliitana watu sita tu, siyo jumuiya yote, maana jumuiya yote ingegeuka mkesha.

La kwanza lilikuwa usingizi. Mgonjwa wa kulala anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulalia, na akilishwa awe amekalishwa wima asije akapaliwa. Hiyo kazi alikuwa anafanya mtu mmoja mchana na usiku. Tukapanga usiku mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, wanaume wawili wawili. Nasema wanaume kwa sababu mpaka hapo waliokuwa wanaingia ndani ni akina mama, sisi wanaume tulikuwa tunasimama uani mikono nyuma tunasema pole, tunaongelea bei ya mbolea. Kumgeuza mwanaume mwenzio, kumfuta, kumbadilisha nguo, tuliona aibu kuliko tunavyopenda kukiri. Fundi baiskeli mmoja ndiye aliyevunja ukimya, akasema "mimi mikono yangu ni michafu muda wote, nianze mimi." Usiku wa kwanza nusura tufanye msiba mwingine, baridi ilikuwa kali tukaingiza jiko la mkaa chumbani tukafunga dirisha. Bahati Bibi alipitia kuangalia, akalitoa nje kwa ule mkono wake mwembamba, akatuita majina ambayo siyaandiki hapa. Tukanunua blanketi.

La pili, mistari. Tukakubaliana hakuna kumtumia mstari wala kumuombea kwa sauti mpaka aombe mwenyewe. Hili lilileta ugomvi kwelikweli, mama mmoja akasema "sasa mnataka tuwe kama chama cha kufa na kuzikana?" na swali lake halikuwa la kijinga. Tulichomjibu ni kwamba mama huyu mistari anaijua kuliko sisi, ameiimba miaka ishirini kwa sauti ya pili, haijapotea, imechoka tu. Hakukubali ila alinyamaza.

La tatu, deni. Tuliona tukichanga hadharani tena tunamvua nguo mara ya pili, kwa hiyo mhazini peke yake alishika hilo jambo na mwalimu mmoja. Mwalimu akaenda kwa wale wakopeshaji akawauliza kwa upole leseni ya Benki Kuu iko wapi, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 biashara ya kukopesha inataka leseni. Ghafla wakawa watu wa mazungumzo. Mama alikuwa ameshalipa 169,000, wakakubali amalizie mtaji tu, 131,000 kwa awamu tatu, riba wakaisahau. Jiko la gesi likarudi, sabufa ilikuwa imeshauzwa. Baba T alikuwa anaipenda ile sabufa.

La nne, kliniki. Mtu mmoja, yuleyule kila mwezi, kumsindikiza kuchukua dawa za presha na kuonana na mtu wa fizio. Na kibao cha ratiba ukutani, chaki, nani anakuja lini. Mama T aliniambia baadaye kile kibao ndicho kilikuwa cha kwanza kumfanya aamini kesho ipo. Alikuwa anaamka anakisoma: Alhamisi, fundi na katibu.

Jioni ya Baba Yetu

Wiki ya 14 hivi Mama T akasema mwenyewe kikao cha Jumamosi kije kwake, ila jioni, na asome yeye. Tukaenda tunaogopa. Akasoma Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" akasoma mpaka mwisho, akafunga, akasema "hiyo ndiyo yangu ya wiki hii, hakuna mahubiri." Kimya. Kwa mara ya kwanza nikasikia jumuiya yetu ikikaa kimya bila mtu kukohoa kwa ajili ya kuanzisha pambio.

Tukafunga na Sala ya Bwana. Baba T alikuwa amekalishwa kwenye kiti na mito. Tulipoanza "Baba yetu uliye mbinguni" nikasikia sauti nzito ya mwanaume nyuma yangu inayokwenda nasi, nikadhani ni fundi. Fundi alikuwa mbele yangu. Ni yeye. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako uje. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja wamsikilize, yeye akaendelea, utupe leo riziki yetu, maneno yote yamekamilika, mpaka utuokoe na yule mwovu, amina. Mtu ambaye kwa miezi mitatu alishindwa kusema maji.

Sihitaji kuwaeleza kelele zilizofuata. Vigelegele, watu chini, na kijana mmoja alikuwa ameshika simu. Usiku huohuo video ilikuwa kwenye grupu la usharika, Jumapili kwenye matangazo mtu akasema "amefunguliwa ulimi."

Jumatatu asubuhi T akapanda kitandani akamwambia "Baba sema jina langu." Akajibu, "Basi. Basi." Mtoto akalia mpaka akatapika. Mama T akafunga mlango tena, wiki mbili, safari hii hata ratiba aliikataa, ila Bibi aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida.

Yule mtu wa fizio ndiye aliyetufungulia macho. Akasema hali hiyo wanaikuta. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kuchukua maneno ya kutunga, yale mtu anayatafuta ili aseme kitu kipya. Lakini yale yaliyokaririwa miaka na miaka, sala, nyimbo, kuhesabu, siku za wiki, hayo mara nyingi yanabaki maana yanapita njia nyingine. Kwa hiyo hakupona ile Jumamosi. Akaongeza kitu kimoja, "ila mlango ni huohuo, pitieni hapo, mwimbieni anachotaka kusema."

Nilipomweleza Mama T nilidhani atakata tamaa zaidi, muujiza umegeuka ubongo. Akakaa akafikiri. Akasema "kwa hiyo Mungu alivyojua mume wangu atapoteza maneno, alikuwa ameshayaweka mengine chini kabisa, kule ambako kiharusi hakikufika." Sijui kama mwanatheolojia ataipitisha hiyo. Mimi niliiandika kwenye daftari siku hiyohiyo. Na jioni nikamsikia jikoni anamwimbia "ma-a-ji, nataka ma-a-ji" kwa tuni ya pambio la mavuno.

Walipofika

Mwaka mmoja na nusu umepita. Baba T anatembea na fimbo mpaka mlangoni na kurudi, mkono wa kulia haukurudi na fuso haliendeshi tena. Presha inapimwa, dawa anameza. Maneno ya kuimba anayo kama arobaini, Mama T ameyaorodhesha. Analia kirahisi. Mama T amerudi stendi na vitumbua, kwaya amerudi Kwaresima iliyopita, na anasema imani aliyonayo sasa ni ndogo kuliko ya zamani ila hii anaijua kwa mkono. Kuna wiki nzuri na kuna wiki hamna kitu. Uani wamelima matuta sita ya mboga, yanawapa hela ya chumvi na sabuni.

Mtoto mkubwa alipoteza mwaka. Hilo nalieleza chini.

Uchambuzi

Ukiniuliza kosa letu kubwa lilikuwa nini sitasema ni kuomba, wala sitasema tulipungukiwa upendo. Tulitaka ushuhuda. Tulikuwa tunamhitaji Baba T apone ili sisi tuwe na cha kusimulia, na alipochelewa tukaanza kumkwepa kama mtu anayetudai. Hata ile jioni ya Baba Yetu, ambayo ilikuwa nzuri jamani, nzuri sana, hatukuiacha iwe jioni nzuri ya nyumba ile, tuliibeba tukaipeleka kwenye matangazo kabla haijapoa. Kijana wa simu simlaumu, alifanya kile ambacho wote mioyoni tulikuwa tunafanya.

Kuhusu mistari. Yeremia 29:11, mawazo ya amani, sawa, ni neno la Mungu. Ila ile ni barua kwa watu waliochukuliwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10, uliopo juu yake palepale, unasema miaka sabini. Sijawahi kuona mtu anatuma wa 10. Na mwanzoni mwa barua, mstari wa 5, wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake. Yaani tumaini lenyewe lilikuja na jembe. Mama T ndiye aliyenionyesha hilo, wakati tunapiga matuta, wala hakuwa ananifundisha, alikuwa anatania: "Katibu, nyie mlinitumia wa kumi na moja, mimi niko wa tano."

Kitu kingine kilichonisaidia kupanga mawazo ni Wagalatia 6. Mstari wa 2 mchukuliane mizigo, mstari wa 5 kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Zamani nilikuwa naona inajipinga. Kwenye kisa hiki mzigo ni kumgeuza mgonjwa saa nane usiku, deni, foleni ya kliniki, kuni. Hiyo inabebeka na watu wengi, tena inapaswa. Furushi ni ule ugomvi wake na Mungu, hilo hakuna wa kumbebea, unaweza tu kukaa karibu na kigoda wakati anahangaika nalo. Sisi tulifanya kinyume. Tulivamia furushi, tukamwambia aamini vipi na kwa sauti gani, mzigo tukamwachia.

Kilichofanya kazi kikubwa ni ratiba. Najua haina upako. Lakini rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno na hapo walikuwa sahihi kabisa, walikosea walipofungua mdomo, na kukaa kimya hivyo kwa watu ambao hawawezi kuacha kazi zao wiki nzima kunahitaji mpangilio, nani leo nani kesho. Na wawe watu walewale. Mama T anasema uso uleule kila Alhamisi ulimfaa kuliko nyuso 40 za wiki ya kwanza.

Sasa tulichoshindwa mpaka mwisho. Mtoto mkubwa. Wakati sisi tunajisifu kwa zamu zetu za usiku, yule kijana alikuwa anaazima bodaboda ya mjomba wake anapiga usiku, asubuhi shule hayupo. Muhula mzima. Walimu wawili tunao kwenye jumuiya! Kila anayeingia alikuwa anamuuliza "baba anaendeleaje", anajibu "anaendelea vizuri", kama mama yake alivyojifunza kujibu. Amerudi shule, amerudia kidato cha tatu, na hacheki nasi sana.

Na yule mama aliyemwelekeza kwa nabii. Mambo yalipojulikana watu walimsema, wengine mbele yake, akahama jumuiya. Hatukumfuata. Mama T mwenyewe alimsamehe mapema, anasema "yeye angalau alinitafutia pa kwenda." Mimi nimepita kwake mara moja tu na nilikuta amefunga, nikashukuru amefunga. Hilo ndilo eneo aliloniambia nimejipendelea.

Jumapili ya mavuno

Baba T aliletwa kanisani kwa bajaji, mara yake ya kwanza. Baada ya ibada tukatoka kwenye mnada kama kawaida, mihogo, kuku, ndizi, likainuliwa trei la mayai. Mnadishaji akasema "nani anaanza?" na Baba T akanyoosha mkono wa kushoto. Watu wote kimya. Akaimba, "elfu moja."

Watu wakapiga makofi. Sasa kuhesabu kwake ni kama sala, kukianza kunakwenda chenyewe. "Elfu mbili. Elfu tatu. Elfu nne." Mnadishaji anacheka anasema mzee unashindana na nani, hakuna aliyeongeza, yeye macho mbele, uso unang'aa, "elfu tano, elfu sita", fundi baiskeli anashika mbavu, "elfu saba, elfu nane", mpaka Mama T akatoka mbio kwenye mstari wa kwaya na kanzu yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Jamani nani kamwambia tuna elfu nane!"

Tukachanga tukalilipia, mayai wakaondoka nayo kwenye bajaji, T kayapakata.